Picha Mbili na Siku Zilizofichwa Katikati



Majuma machache yaliyopita, katika nyumba iliyokuwa na shughuli ya harusi, binti wa kaka yangu aliniita pembeni akanionyesha picha katika simu yake. Zilikuwa picha mbili zilizowekwa bega kwa bega. Ya kushoto imeandikwa "Kabla", na ya kulia imeandikwa "Baada". Katika ya kwanza yuko mwanamke mwenye tumbo lililolegea kwa uzazi. Katika ya pili ni mwanamke yule yule, na tumbo limekuwa bapa. Chini yake pametajwa bei, na punguzo kwa atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi. "Shangazi," akaniambia, "watoto wangu watatu washakuwa wakubwa, na fedha za mchezo nimeziweka. Wewe waonaje?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anitumie zile picha, nikakaa nazo usiku kucha. Maana sisi hatununui leso mpaka tuikunjue, tuinyooshe na tuigeuze upande wa pili. Basi vipi tukubali kununua kisu kwa kutazama upande mmoja tu?

Leo, ndugu msomaji, nataka tuzigeuze picha hizi pamoja. Si nia yangu kumcheka mwanamke anayeona haya kwa mwili wake, wala kumhukumu. Nia yangu ni kuikosoa picha yenyewe, kwa kuwa imeingia majumbani mwetu kama mwalimu, na mwalimu hapana budi apimwe.

Tazama kwanza taa. Katika "Kabla" mwangaza watoka juu, nao hutia kivuli kila penye mkunjo. Mwanamke ameinamisha mabega, ameliachia tumbo, na uso hauna hata wanja. Katika "Baada" mwangaza watoka mbele, amesimama wima, amevuta pumzi, nywele zimetengenezwa na midomo yatabasamu. Sisemi kuwa hakupasuliwa. Nasema kwamba sehemu ya mabadiliko tuyaonayo imefanywa na taa, si na daktari.

Kisha tazama nguo. Kovu la kukaza tumbo hupita chini ya kitovu, kutoka nyonga hadi nyonga. Katika picha ya pili nguo imevaliwa papo hapo kovu lilipo. Na mwisho, tafuta tarehe. Hapana. Kati ya picha hizi mbili kumepita wiki ngapi, au miezi mingapi? Hatuambiwi. Uvimbe wa upasuaji wa namna ile huchukua miezi kwisha, na mwenye tumbo lile aliishi kila siku ya miezi hiyo. Kilichokatwa katika picha hii ni maisha ya mgonjwa mwenyewe. Ndiyo waliyosema wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Huenda utasema kwamba picha za namna hii hazikwepeki. Lakini zilikuwako zamani, na hazikuwa hivi. Al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Cordoba aliyefariki karibu na mwaka 1013, alipoandika juu ya upasuaji katika kitabu chake cha Tasrif, alichora vyombo vya kazi yake vipatavyo 200, ili mwanafunzi akione chuma kitakachoingia mwilini. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari waliovunjwa nyuso katika hospitali iliyofunguliwa Sidcup, Uingereza, mwaka 1917. Pamoja naye alikuwako Henry Tonks, daktari na mchoraji, aliyewachora askari hao kwa chaki za rangi, vidonda vikiwa wazi na nyuzi zikionekana. Kitabu cha Gillies cha mwaka 1920 chaonyesha wagonjwa hatua kwa hatua: walivyokuja, walivyokuwa katikati ya matibabu, na walivyotoka. Mwaka 1918 rubani mmoja aliyeungua uso alifariki baada ya kupandikizwa ngozi nyingi kwa mara moja, na msiba ule ukafunza kuwa kazi kubwa yafaa igawanywe kwa hatua. Picha za watu hawa ziliwekwa ili wengine wajifunze. Picha ya binti yetu imewekwa ili auziwe. Hiyo ndiyo tofauti.

Basi na tuifungue picha ile, tuzione siku zilizofichwa.

Kabla ya kisu kuna kusema kweli. Mgonjwa amweleze daktari kama ana sukari, presha, pumu au siko seli. Amtajie dawa zote anazokunywa, hata asprini na mitishamba, kwani baadhi yake huzuia damu kuganda. Aliyezoea mkorogo asione haya kuutaja, kwa sababu krimu zenye steroidi hudhoofisha ngozi na huchelewesha jeraha kupona. Anayevuta sigara au shisha, au anayetafuna tumbaku, atatakiwa kuacha angalau wiki nne kabla, maana nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokosa damu hufa. Na anayetaka bado kuzaa yafaa angoje, kwani mimba italitanua tena tumbo lililokazwa kwa maelfu ya fedha.

Siku yenyewe kuna nusukaputi, yaani dawa ya usingizi. Tumbo hutakiwa liwe tupu: kwa kawaida saa sita bila chakula na saa mbili bila maji. Aliyezoea kufunga hataona tabu, lakini asijidanganye kwa kikombe cha chai ya maziwa, kwa kuwa maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Tumbo lenye kitu huweza kurudisha juu, kikaingia mapafuni.

Kisha huja siku za nyumbani, nazo ndizo nyingi. Aliyekazwa tumbo hutembea ameinama siku za mwanzo, mara nyingi na mirija ya kutoa maji ikimning'inia. Hatanyanyua ndoo wala mtoto kwa muda wa wiki nne mpaka sita. Nani atapika? Nani atafua? Nani atamwamsha usiku atembee kidogo, ili damu isigande miguuni? Na watu wa nyumba wajue dalili: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafula, ni hospitali saa ile ile, si kesho. Vivyo hivyo homa, na jeraha linalotoa usaha au harufu.

Lipo na kovu. Ngozi nyeusi ina tabia ya kuota makovu yanayovimba kuliko ngozi nyeupe. Ikiwa sikio lako lilipotobolewa liliota uvimbe, au kovu la chanjo lilipanda, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Huenda ukaondoa mkunjo ukapata mstari mnene usiofutika.

Na sisi tuna jambo ambalo tangazo haliwezi kulitaja, nalo ni ibada. Aliyepasuliwa pua au kope huambiwa asiiname; atasujudu vipi? Mwenye bendeji isiyotakiwa kulowa atatawadha vipi? Dini ni nyepesi na ruhusa zipo, lakini muulize sheikh mapema, usingoje uwe kitandani. Uliza pia kama atakuwako daktari au muuguzi mwanamke, na nani atakuwa chumbani utakapokuwa umelala bila habari ya stara yako.

Wengine husafiri mbali, hadi Istanbul na kwingineko, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Urahisi huo uhesabiwe vizuri. Ushauri wa afya wa Uingereza ni kungoja siku kadhaa baada ya upasuaji kabla ya kupanda ndege. Kila siku ni hoteli na chakula. Na ukisharudi Mombasa au Unguja, jeraha likafunguka, daktari aliyelishona yuko nchi nyingine. Marekani imehesabu raia wake 93 waliokufa baada ya upasuaji wa urembo katika Jamhuri ya Dominika, kati ya mwaka 2009 na 2022. Wala si lazima kuvuka bahari: mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa urembo, na kliniki ikaamriwa ifungwe.

Kuna upasuaji mmoja unaopendwa sana sasa na vijana, wa kunyonya mafuta sehemu moja na kuyatia makalioni. Mwaka 2017 jopo la wapasuaji lilikadiria kuwa huenda mgonjwa mmoja katika kila 3,000 hufa kwa upasuaji huo, kwa sababu mafuta huweza kuingia katika mishipa mikubwa na kuziba mapafu. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo cha Uingereza kikawashauri wanachama wake wauache. Baadaye kanuni zilikazwa, kwamba mafuta yawekwe chini ya ngozi tu, yasiingie msulini. Je, katika picha ya "Baada" utaona mafuta yamewekwa wapi?

Na yapo mambo ambayo "Baada" yake haina mwisho. Mifuko ya silikoni inayotiwa matitini si ya maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri ichunguzwe kwa picha za ndani miaka 5 mpaka 6 baada ya kutiwa, kisha kila miaka 2 au 3. Mwaka 2010 mifuko ya kampuni ya Kifaransa ya PIP iliondolewa sokoni, ilipobainika kuwa imejazwa silikoni isiyoruhusiwa kwa matibabu. Mamia ya maelfu ya wanawake duniani walikuwa nayo miilini, na mwenye kampuni, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo mwaka 2013. Wale nao walikuwa na picha nzuri za "Baada".

Sasa utaniuliza: dini yasemaje? Mimi si mufti, lakini njia imeshaonyeshwa na wanavyuoni. Mtume (S.A.W.) alimruhusu Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani, atie pua ya dhahabu ile ya fedha ilipoanza kunuka. Na yeye huyo huyo alikemea kuchonga meno ili kutia mwanya kwa ajili ya urembo. Nasi watu wa pwani tujuao mwanya unavyosifiwa tunaelewa makemeo hayo yanatugusa. Mwezi wa Julai 2007, Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Putrajaya, Malaysia, ikaruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo katika hali yake na kazi yake, na wa kuondoa kasoro za kuzaliwa au za ajali, kama mdomo sungura na makovu ya moto. Ikakataza ule wa kubadili umbile kwa kufuata matamanio na mitindo tu. Na katika masharti yake, daktari awe hodari wa fani hiyo, na ambainishie mgonjwa hatari zinazotarajiwa na zinazoweza kutokea. Zingatia sharti hilo, msomaji. Kuzieleza siku za katikati si hisani ya daktari. Ni haki ya mgonjwa. Picha iliyozificha imeanza kwa kuvunja amana.

Kwa hiyo, aliyekwisha kuuliza dini yake akaona jambo lake lina njia, naye aende kwa daktari na maswali haya, ayaandike kabisa:

Kwanza, umesajiliwa na baraza la madaktari la nchi, na fani yako ni hii au nyingine? Aliulize na baraza lenyewe, asitosheke na cheti cha ukutani.

Pili, nani atanipa nusukaputi, na atakaa nami mpaka niamke?

Tatu, nikizidiwa usiku, hapa pana damu, oksijeni na chumba cha mahututi, au nitabebwa kwenda kwingine?

Nne, bei hii ni ya kisu tu, au imo dawa, vipimo, nguo ya kubana, na marudio? Na pakiharibika, nani atalipa?

Tano, nionyeshe wagonjwa wako wa siku ya tatu, ya kumi na ya tisini, kwa idhini yao, na unieleze pia yule ambaye kazi yake haikwenda vizuri.

Sita, nisipofanya kabisa, nitapungukiwa na nini katika afya yangu?

Daktari mwema atayafurahia maswali haya. Anayeharakisha, anayekupa punguzo la mwisho wa mwezi, anayetaka amana kabla hajakupima presha, huyo ni mwenye duka. Misuli ya tumbo ikiwa imeachana kwa uzazi, mgongo ukauma, hilo ni ugonjwa wa kutazamwa na daktari na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huenda usihitaji kisu kamwe. Na tukiwa na fedha za kutoa, tukumbuke watoto waliozaliwa na mdomo sungura na walioungua kwa uji wa moto; CCBRT ya Dar es Salaam ni miongoni mwa hospitali zinazofanya kazi ya kuwarekebisha watoto wenye mdomo sungura. Kwao upasuaji huu ni kula, kusema na kwenda chuoni bila kuchekwa.

Nilirudi kwa binti yetu na maneno haya. Hakukasirika. Alichukua simu yake mbele yangu, akawaandikia wenye tangazo swali moja tu: "Nitumieni picha ya mgonjwa wenu ya siku ya kumi." Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Picha haikuwamo. Walimpunguzia bei.

Akalitazama jibu, akanitazama mimi, akaweka simu chini. Juma lililofuata alikwenda kwa daktari wa akina mama, tumbo lipimwe kwanza, na fedha za mchezo bado zimekaa.

Mwenyezi Mungu atupe afya, atupe macho ya kuona kilichofichwa, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.