Utamaduni wa Chakula na Kinywaji Njombe: Sifa na Kasoro

Mwanafunzi anapoulizwa aeleze utamaduni wa chakula wa jamii fulani, aghalabu hutoa orodha. Wabena, ataandika, hula ugali wa mahindi, viazi mviringo na maharage, nao hunywa ulanzi. Mwalimu hutia alama ya vema, na somo huishia hapo. Orodha hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba imeanzia mwisho. Chakula kilichokwisha kupakuliwa ni tunda la kazi na maamuzi mengi: nani alilima, nani aliamua kiasi gani kiuzwe na kiasi gani kibaki ghalani, nani alitangulia kunawa mikono, na nani aliambulia ukoko. Utamaduni wa chakula umo katika maamuzi hayo zaidi kuliko ulivyo katika chungu.

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna tunavyousifu utamaduni huo, kwa kuchukua mfano wa Njombe na Makambako. Mfano huu unafaa kwa sababu moja iliyo wazi. Nyanda za Juu za Kusini ni ghala la taifa letu, na papo hapo ni mahali ambapo watoto wengi mno hawakui inavyostahili. Tahakiki yoyote ya utamaduni wa sehemu hiyo inayoyakwepa mambo haya mawili, au inayolitaja moja na kulificha la pili, haijafanya kazi yake.

Tuanze na neno “jadi”. Husemwa kwamba ugali wa mahindi na viazi ni vyakula vya jadi vya Ubena. Hata hivyo mahindi na viazi mviringo, vyote viwili, asili yake ni bara la Amerika, na viazi viliingia katika nyanda hizi katika zama za ukoloni. Nafaka iliyotangulia ni ulezi, ambao ni mmea wa Afrika tangu kale. Mkulima wa Njombe hakuyapokea mahindi kwa kuiga tu. Ulezi unataka palizi ya mikono isiyo na mwisho, nao huliwa na ndege. Punje ya mahindi imefunikwa na maganda yake. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa katika nyakati ambapo wanaume wengi wa Ubena walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakitafuta fedha ya kodi na ya nguo. Waliobaki na jembe walikuwa wanawake, wazee na watoto. Kwa hiyo ugali tunaouita wa jadi umebeba ndani yake historia ya kodi, ya safari za manamba, na ya mama aliyelima peke yake.

Baada ya uhuru historia hiyo iliendelea kwa sura nyingine. Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa na kutoa tamko la Siasa ni Kilimo. Wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Ikawa mkoa kamili mwaka 2012. Mbegu bora na mbolea ya chumvichumvi zilienea, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata mkulima wa mbali na Dar es Salaam akaona faida ya kulima kwa ajili ya mji. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ilipita Makambako. Na katika miaka ya 1980 barabara ya lami ya kwenda Songea ilianzia papo hapo Makambako. Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa mikoa inayotegemewa kwa nafaka. Tangu hapo hindi moja limekuwa na majina mawili katika nyumba moja: ni chakula, na ni fedha. Mambo haya mawili hayapatani siku zote.

Sasa tutazame ulanzi, maana ndio unaosifiwa na kulaumiwa kuliko vyote. Ulanzi ni utomvu wa mwanzi. Mvua zinapoanza kukolea, mashina hutoa machipukizi. Mgema hukata ncha ya chipukizi na kuning’iniza chini yake mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi. Asubuhi na jioni hurudi, akamimina kilichojaa na kukata tena kipande chembamba ili jeraha lisizibe. Ule mpya, ambao bado ni mtamu, huitwa mtogwa. Ukikaa huchacha wenyewe, bila hamira wala kimea, ukawa mkangafu unaolevya barabara. Mvua zikikoma, machipukizi hukomaa yakawa mianzi, na ulanzi hutoweka hadi mwaka ujao.

Katika maelezo hayo mafupi mna mambo ya kusifiwa kwa haki. Ulanzi hauli nafaka. Komoni na pombe nyingine za nafaka hupunguza ghala, bali ulanzi hutoka katika mmea unaoota kando ya nyumba na kwenye miteremko, ambao mizizi yake huzuia mmomonyoko. Mwanzi uleule hutoa nguzo na fito za nyumba, nyungo, vikapu, na matenga ya kusafirishia nyanya. Shamba la mianzi ni mali inayorithiwa, na kwa hiyo ni kumbukumbu ya ukoo. Watu walipohamishiwa katika vijiji mnamo miaka ya 1970, mtu aliweza kuhamisha mbuzi na mlango wa nyumba yake, lakini hakuweza kuhamisha kichaka cha mianzi. Kilibaki mahameni, kikionyesha palikuwa kwa nani.

Zaidi ya hayo, kinywaji kilikuwa sehemu ya kazi. Katika mgowe, yaani kazi ya kusaidiana, mwenye shamba aliwaita majirani kulima au kuvuna, naye akawaandalia chakula na pombe. Hiyo haikuwa mshahara. Kila aliyekuja alijua kwamba zamu yake ya kuitisha itafika, na wengine watakuja. Kikombe kilichozunguka kilikuwa ahadi, na mtu mvivu aliyependa kunywa bila kulima alijulikana kijiji kizima. Jamii ilikuwa na kipimo chake, na kipimo hicho kilikuwa jembe.

Hapa ndipo wasifuji wetu wanapokosea. Wanauchukua ulanzi wa mgowe na kuwapa sifa zake wanywaji wa leo, kana kwamba hakuna kilichobadilika katikati. Ulanzi unaopakiwa katika madumu na kupelekwa Makambako, ukauzwa kwa lita kwa msafiri, kuli na mwenye duka, haumfungi mtu yeyote kwenda kumlimia mwenziwe. Ni bidhaa. Sisemi kuuza ni dhambi. Mgema naye ana karo za watoto za kulipa, na mara nyingi muuzaji kilabuni ni mwanamke ambaye hana njia nyingine ya kupata fedha iliyo yake. Nasema tu kwamba jina limebaki ilhali uhusiano umegeuka. Wahenga walitutahadharisha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zisizochunguza humharibu anayesifiwa.

Walaumu nao wana kosa lao. Tangu ukoloni wamezoea kuiona pombe ya kijijini kuwa ndiyo mzizi wa umaskini, huku bia ya chupa ikiitwa burudani. Sheria ya Vileo ya 1968 iliweka utaratibu wa leseni na saa za kuuza, nao una maana yake. Lakini hakuna sheria inayoweza kujibu swali la kwa nini msimu wa ulanzi, ambao ndio msimu wa palizi, humkuta mwanamume kilabuni na mwanamke shambani. Swali hilo halihusu mwanzi. Linahusu mgawanyo wa kazi, nao ulikuwapo hata kabla ya kilabu.

Tufike sasa kwenye jambo linalouma. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watoto wenye umri chini ya miaka mitano waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyostahili, walikuwa asilimia 49. Uchunguzi uliofuata, wa mwaka 2022, uliwakuta asilimia 50, ilhali kwa taifa zima kiwango kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 34 hadi 30. Mwaka huohuo jirani yake, Iringa, ulikuwa na asilimia 57. Watu wengine hujitetea kwa kusema kwamba ufupi ni wa ukoo. Utetezi huo hausimami, kwa kuwa watoto wadogo wa mataifa mbalimbali, wakilishwa na kutunzwa vema, hukua kwa kimo kinachokaribiana sana. Tena kudumaa si suala la kimo peke yake. Mtoto aliyedumaa huugua zaidi, na akili yake huweza kukosa nafasi ya kukua sawasawa. Mwalimu anayefundisha darasa la kwanza hupokea matokeo ya siku elfu za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili.

Inakuwaje mtoto adumae kando ya ghala lililojaa? Kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kushiba kwa siku nzima kwa ugali wa mchana na wa jioni kama mtu mzima. Anahitaji kulishwa kidogo kidogo mara nyingi, tena kwa vyakula vinavyochanganywa. Mama aliyeondoka alfajiri kwenda shamba la mbali hurudi jioni akiwa na kuni kichwani. Mtoto amebaki na dada wa miaka minane na uji mweupe wa mahindi. Ongeza maji yasiyo safi na kuhara kwa mara kwa mara, na mama aliyebeba mimba huku akibeba jembe. Wako pia wanaomnywesha mtoto mtogwa kwa kuwa ni mtamu, wakisahau kwamba umekwisha kuanza kuchacha ungali katika mbeta. Maharage yapo, lakini ya kuuzwa. Mayai yapo, lakini ya kuuzwa. Parachichi, ambalo katika miaka ya karibuni limegeuka kuwa zao kubwa la biashara Njombe na kusafirishwa ng’ambo, ni chakula kizuri mno kwa mtoto anayeanza kula. Nalo laweza kuingia katika tabia hiyohiyo ya kuhesabiwa fedha likiwa bado mtini.

Msomaji aweza kuuliza kama hili ni kosa la utamaduni au la umaskini. Umaskini upo, wala sikusudii kuupuuza: mkulima huuza maharage kwa sababu mbolea haitolewi bure. Lakini umaskini hauelezi kila kitu. Wilaya nyingi zenye mavuno haba kuliko Njombe zina watoto waliokua vizuri zaidi. Tofauti yatubidi tuitafute pia katika desturi: kwamba fedha ya mavuno mara nyingi huamuliwa na mmoja, kwamba kazi humwelemea mwingine, na kwamba anayekula mwisho hana sauti ya kusema hakushiba.

Jambo la kutia moyo ni kwamba dawa nyingi zimo ndani ya utamaduni uleule. Ulezi tuliousahau una madini ya chokaa kwa wingi, na uji wake ukichanganywa na maharage au njegere zilizosagwa humjenga mtoto. Vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi, zimewapa watu wa nyanda hizi mboga za majani na maharage mabichi katika miezi ambayo shamba la mlimani limekauka. Sharti vilimwe kwa kuheshimu chemchemi, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Hata mgowe waweza kufufuliwa kwa maana yake halisi: wanaume waingie katika palizi kwa zamu, ili mama mwenye mtoto mchanga apate saa za kumlisha. Huko ndiko kuenzi jadi. Kuning’iniza mbeta ukutani siku ya maonyesho hakutoshi.

Kwa walimu na wanafunzi, basi, napendekeza zoezi tofauti na lile la orodha. Mwanafunzi achukue siku moja ya msimu wa palizi, nyumbani kwao, aandike saa kwa saa nani alifanya kazi gani, nani alikula nini na mara ngapi, na kilichouzwa kiliuzwa kwa uamuzi wa nani. Aanze na mdogo kuliko wote. Ataporudi darasani na karatasi hiyo, ndipo mazungumzo juu ya utamaduni wa taifa yaanze. Huenda karatasi nyingine zikamwonea haya baba, na nyingine zikamsifu. Zote zitakuwa na manufaa kuliko jibu linalosema kwamba Wabena hula ugali na hunywa ulanzi, maana jibu hilo halimtaji mtoto mahali popote.