Mchezo Mmoja, Viwanja Viwili

Kiswahili kina neno moja, mchezo, kwa yale yanayofanyika uwanjani na yale yanayofanyika jukwaani. Pengine ndiyo sababu tunapenda kusema kwamba kundi la maigizo ni timu: kila mtu na nafasi yake, na kidole kimoja hakivunji chawa. Ulinganisho huo una ukweli. Hata hivyo, unaficha tofauti ambayo kwetu sisi tunaoishi ugenini ina uzito wa pekee.

Umoja wa timu hutokana kwa sehemu kubwa na kuwapo kwa mpinzani. Simba na Yanga, zilizoanzishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1930, ni vigumu kuieleza moja bila kuitaja nyingine. Shabiki hujitambua kwa kumtambua asiye mwenzake. Jukwaa halina upande wa pili. Askari, mnyapara na msaliti hutoka miongoni mwetu, na mazoezi yakiisha tunarudi nao nyumbani. Mlinda mlango haombwi kamwe ajifunge kwa faida ya mchezo; mwigizaji huombwa jambo la namna hiyo kila siku, naye hukubali kwa kuwa anawaamini wenzake.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969), imejengwa juu ya suala hili. Watu wa kusini, waliogawanyika chini ya utawala wa Wajerumani, wanaunganishwa na maji. Umoja wao ni wa kitimu: una adui mmoja na alama moja. Hussein haudharau, anaonyesha kwamba bila huo wasingethubutu kusimama. Lakini Kinjeketile anapoingiwa na shaka na kutaka watu wasubiri, sauti yake haisikiki tena. Neno alilolizaa limekuwa kubwa kuliko yeye. Umoja unaomtegemea adui peke yake hukosa nafasi ya mwenzetu mwenye shaka. Jukwaa linampa nafasi hiyo: ili shaka ya mtu mmoja ionekane, waigizaji wote hawana budi kuibeba, wakiwamo wale wanaocheza nafasi za wasiotaka kuisikia.

Hata hivyo, sina haki ya kulisifu jukwaa bila kukiri jambo moja. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Uingereza, tulikuwa na kikundi cha kusoma tamthilia hii kwa sauti. Wengi wetu tulitoka pwani. Mmoja alitoka Lubumbashi. Jumapili tulicheza naye mpira, naye alikuwa kiungo wetu bora, wala hakuna aliyemsahihisha ngeli alipoomba pasi. Katika usomaji tulimsahihisha kila sentensi. Kisha tukampa nafasi ya Askari, tukisema kwa mzaha kwamba lafudhi yake inamfaa mtu aliye upande wa wageni. Alisoma vizuri. Juma lililofuata hakuja. Jumapili alikuwa uwanjani kama kawaida, akatusalimu sote kwa majina.

Kwa miaka mingi nililieleza tukio hilo kama ushahidi kwamba mpira hupokea watu kwa urahisi kuliko fasihi. Sasa naona kosa letu lilikuwa jingine. Tulichukua kanuni ya uwanjani, ile ya kujijua kwa kumtafuta asiye mwenzetu, tukaipandisha jukwaani. Nafasi ya adui, ambayo katika maigizo ni dhamana apewayo mwenzetu, tuliigeuza kuwa njia ya kumweka mtu nje.

Leo ninaposomesha Kinjeketile, nafasi ya Askari huzunguka darasani, na zamu ya kwanza huichukua mimi. Wanafunzi hudhani ni mbinu ya kufundishia. Mimi ninalipa deni, ingawa ninayedaiwa naye hayupo.