Pingili, Mwako na Kimya: Kuusoma Mkanda wa Taa wa Volti 12

Mkanda wa taa za LED, huu unaozungushwa katika mfereji wa dari la jipsamu au nyuma ya vitambaa vya jukwaa la harusi katika kumbi za Pemba, husifiwa kwa rangi zake, na sifa hukomea hapo. Lakini rangi ndiyo sehemu ambayo mtambo huitoa bila jasho: kitufe kimoja cha rimoti, na nyekundu imekuwa kijani. Uzuri unaostahili uhakiki umo katika umbo, yaani namna mkanda ulivyogawanywa, ulivyopangiwa muda na ulivyofichwa. Na umbo hilo, kwa maoni yangu, ni zao la uchache wa volti.

Tuanze na kipashio chake kidogo kabisa. Katika mkanda wa kawaida wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita, taa tatu hufungwa mfululizo pamoja na rizista zake, na kila baada ya sentimita 5 huwekwa alama ya kukatia. Sehemu hiyo naiita pingili. Roli ya mita 5 ina pingili 100, na fundi ana ruhusa ya kukata baina ya pingili na pingili. Akikata katikati, taa za pingili hiyo haziwaki. Msomaji wa kisiwa kilichowalea washairi Kamange na Sarahani ataitambua nidhamu hii, maana mshororo nao haupunguzwi mizani ukabaki mshororo. Ukuta usiogawanyika kwa tano humlazimu fundi aamue: aache kipande cha giza pembeni, au aukunje mkanda ujirudie. Katika uamuzi huo mdogo ndipo mkono wake unapoonekana.

Takriri hii ya pingili katika nafasi ina mwenzake katika wakati. Mwanga unapofifishwa, kwa kawaida kontrola haiudhoofishi mkondo. Huuwasha na kuuzima mara mamia kwa sekunde, na jicho hujumlisha mwako na kimya likaona wastani. Rangi ya zambarau iliyotulia juu ya kiti cha bi harusi ni urari wa kuwaka na kuzimika usioonekana. Katika mkanda wa pikseli, kama ule wa chipu za WS2812B unaotumia volti 5, ufundi unazidi kwenda mbali: kila taa huchukua biti 24 za kwanza zinazoifikia, nane kwa kila rangi ya msingi, kisha huzipitisha zilizobaki kwa jirani yake. Taa 300 hupata zamu zao kwa takriban milisekunde 9. Tunachokiona kama wimbi linalokimbia ukutani ni taa zisizosogea hata kidogo. Kinachosafiri ni amri tu.

Uchache wa volti hujidhihirisha vizuri zaidi pale kazi inapoharibika. Mkanda wa rangi tatu unaotumia wati 14.4 kwa mita huhitaji wati 72 kwa roli nzima, sawa na ampea 6 katika volti 12. Wati hizohizo katika volti 230 zingehitaji takriban thuluthi moja tu ya ampea. Mkondo huo mkubwa wa ampea 6, ukipita katika shaba nyembamba, hupoteza volti njiani. LED nyekundu hutosheka na takriban volti 2, ilhali ya kijani na ya buluu hutaka takriban 3, kwa hiyo buluu na kijani hulegea kwanza. Weupe ulioanza safi karibu na adapta humalizika mwishoni ukiwa na wekundu. Fundi mzoefu huulisha mkanda kwa ncha zote mbili, na ufifio huo hupungua mno.

Hata hivyo uchache huohuo ndio unaoleta ukaribu. Tangu 2010 kebo ya baharini kutoka Tanga huipatia Pemba umeme uliokuwa ukitegemea majenereta ya dizeli, lakini adapta huushusha hadi kiwango cha betri ya gari. Volti ndogo kiasi hicho huruhusu mwanga kulazwa nyuma ya kitambaa, katika ngazi za jukwaa, mahali mikono na nguo hupita. Fundi hodari hutumia fursa hiyo kuificha chemchemi ya mwanga: akiutumbukiza mkanda ndani ya mfereji wa dari, nukta 60 za kila mita huyeyuka zikawa utando mmoja. Akiuacha wazi, tunahesabu taa badala ya kuona mwanga.

Ndiyo maana mipangilio ya kumetameta inayokuja ndani ya kontrola ni kipimo dhaifu cha ubora. Mwendo wa kasi husitiri mkunjo wa ovyo, pengo la pembeni na weupe uliogeuka rangi. Anayetaka kuihukumu kazi na aombe rangi moja, nyeupe, isiyocheza: kasoro zote za mpangilio zitajitokeza, na zisipojitokeza, fundi ameshinda kabla programu haijaanza.