Charlie Alikuwa Mtoto Mweusi

Msomaji mwenzangu, usinicheke. Mtu mzima na ndevu zangu nilipanda treni kituo cha Marylebone, London, mpaka kijiji cha Great Missenden, eti nikaone makumbusho ya mwandishi wa watoto! Dada yangu anayeishi kule, ndiye aliyenilipia nauli kutoka Dar, akashangaa. "Wenzako wakija wanataka kuona kasri la mfalme, wewe vipi?" Nikamjibu, "Dada, nina kesi na yule mzee."

Mzee mwenyewe ni Roald Dahl, aliyeandika Charlie and the Chocolate Factory, hadithi ya mtoto fukara anayepata tiketi ya kuingia kiwanda cha chokoleti. Wengi wetu hatujui kwamba aliwahi kuishi Dar es Salaam. Alikuja 1938, kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell, akajifunza na Kiswahili. Vita ilipoanza 1939 akaenda kuwa rubani.

Makumbusho yale, yaliyofunguliwa 2005, ni madogo tu. Kilichonigusa ni vitu vya kibanda chake cha kuandikia, vilivyohamishiwa pale: kiti kikuukuu, ubao wa kupakata uliovikwa kitambaa cha kijani, penseli za njano. Basi! Hata meza hana. Kumbe visingizio vyangu vyote vya kutoandika ni uvivu mtupu.

Lakini huko ndiko zinakotunzwa pia rasimu zake, na kesi yangu inaanzia hapo. Mwanzoni kabisa, Charlie alikuwa mtoto mweusi. Mjane wake aliyasema hayo BBC mwaka 2017, na mwandishi wa maisha ya Dahl akaeleza kuwa wakala wake ndiye aliyeona wazo hilo halifai. Kitabu kikatoka 1964, Charlie si mweusi tena. Weusi wamo, lakini wapi? Kiwandani! Ni Oompa-Loompa, vijitu vilivyotolewa msitu wa Afrika, vikafanya kazi kwa malipo ya mbegu za kakao. Chama cha kutetea weusi wa Marekani, NAACP, kikalalamika, na toleo la 1973 likawageuza weupe.

Piga hesabu mwenyewe. Mweusi alipokuwa shujaa, aliondolewa kabla kitabu hakijatoka. Alipokuwa kibarua, aliachwa miaka tisa. Na dawa ikawa kumfuta kabisa, wala si kumrudisha getini na tiketi yake mkononi.

Hadithi yenyewe bado naipenda, siwezi kusema uongo. Inakimbia, inachekesha, na walafi wanaadhibiwa kama katika ngano za bibi. Ndiyo maana inaniuma. Kitabu kibaya kingenisumbulia nini?

Tena sina ubavu wa kumhukumu peke yake. Mwaka jana mhariri mmoja alinirudishia muswada wangu. Shujaa wangu ni binti muuza karanga wa Manzese. Akasema nimfanye mtoto wa tajiri wa Masaki, eti ndiyo inauza. Jamani, nilikubali! Sura tatu nikazibadili, bila hata kubishana.

Usiku ule, nyumbani kwa dada, nilitoa kalamu nikamrudisha binti yangu Manzese, na sinia lake la karanga kichwani. Mhariri akikataa, shauri yake. Na wewe, ndugu yangu, shujaa wako umemwacha wapi?