Rand Fishkin alivyojifunza kazi mbele ya watu

Asiye na cheti wala jamaa kwenye fani hushauriwa jambo moja: jifunze kwanza, ukishaiva ndipo ujitokeze. Rand Fishkin wa Seattle, Marekani, alijitokeza akiwa bado mbichi, akaja kuwa mmoja wa watu wanaosikilizwa zaidi katika masoko ya mtandaoni. Wengi husema siri ilikuwa ujasiri. Ujasiri ulikuwepo, lakini fani yenyewe ilimbeba, na alipotoka nje ya mipaka yake mambo yakaanza kumwendea kombo.

Mwaka 2001 aliacha masomo Chuo Kikuu cha Washington akiwa karibu kumaliza, akajiunga na kampuni ndogo ya mama yake, Gillian Muessig, iliyowatengenezea wafanyabiashara tovuti. Malipo hayakutosha. Wakaziba mapengo kwa mikopo na kadi za benki hadi deni likakaribia dola 500,000, na baba yake Fishkin hakuambiwa. Wateja walipotaka tovuti zao zitokee juu mtu anapotafuta kitu Google, kazi hiyo walipewa mafundi wa nje. Fedha za kuwalipa mafundi zilipokauka, ikamwangukia Fishkin, naye hakuwa akiijua.

Bahati yake ni kwamba wakati ule hapakuwa na chuo kilichoifundisha. Google ilikuwa imeanzishwa mwaka 1998 tu, na kanuni zake za kupanga matokeo zilikuwa siri. Profesa na aliyeacha chuo walisimama mstari mmoja, wote wakibahatisha. Ila hapa kubahatisha kulipimika. Tuseme unataka kujua kama neno lililo kwenye kichwa cha ukurasa lina uzito kuliko lililo katikati ya maandishi. Unabuni neno ambalo halipo popote duniani, unatengeneza kurasa mbili, moja ina neno hilo kwenye kichwa na nyingine ndani, kisha unalitafuta. Ukurasa upi umetangulia? Jibu halikawii, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kurudia jaribio hilo akakukosoa.

Mwaka 2004 Fishkin alianza kuchapisha aliyokuwa akijifunza, karibu kila usiku, kwenye blogu iliyoitwa SEOmoz. Sehemu hii ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Google ilihesabu kiungo kutoka tovuti nyingine kama kura: kadiri kurasa zenye heshima zinavyokuelekezea, ndivyo unavyopanda. Watu wa fani waliposoma maelezo yake, wengine kwa kukubali, wengine kwa kubisha, waliweka viungo vya kwenda kwake. Viungo vikampandisha. Kwa hiyo andiko moja lilifanya kazi mbili: lilifundisha mbinu, na papo hapo likawa ushahidi kwamba mbinu yenyewe inafanya kazi. Mteja hakuhitaji kuulizia cheti. Alitafuta msaada Google, akamkuta mwandishi yuko juu.

Baadaye akatoa bure mwongozo mrefu wa wanaoanza, kisha video za kila Ijumaa ambamo alisimama mbele ya ubao mweupe na kalamu akieleza jambo moja tu. Biashara ilifuata nyuma ya maelezo. Februari 2007 kampuni ilifungua kwa umma zana ilizokuwa imejitengenezea kwa matumizi yake, kwa malipo ya kila mwezi. Wanunuzi hawakutafutwa mbali. Walikuwa wasomaji wale wale. Mwaka huo huo Fishkin akawa Mkurugenzi Mtendaji, wawekezaji wakatoa dola milioni 1.1, na mwaka 2008 ikatoka Linkscape, programu iliyotambaa mtandaoni ikichora nani anamwelekezea nani. Mwaka 2012 ziliingia dola milioni 18 nyingine.

Kufikia hapo kazi yake haikuwa tena kuelewa injini ya kutafuta. Ilikuwa kuendesha kampuni, na huko hakuna kurasa mbili za kulinganisha. Mwaka 2011 HubSpot, kampuni ya programu za masoko, ilitaka kuinunua kampuni yake kwa dola milioni 25. Akataka 40, mpango ukafa. Alikosea au alipatia? Swali kama hilo hujibiwa baada ya miaka, na huwezi kulirudia ili uhakikishe. Kisha ikaja Moz Analytics, zana kubwa ya kampuni yake iliyojengwa kwa muda mrefu ndani ya milango iliyofungwa, kinyume kabisa na alivyozoea. Ilitoka mwaka 2013 ikiwa imechelewa, na haikufikia matarajio. Mwaka 2014 alikabidhi ukurugenzi, na baadaye akaeleza wazi jinsi alivyougua sonona. Mwaka 2016 kampuni iliwapunguza wafanyakazi 59. Mwaka 2018 akaondoka.

Alichofanya baada ya hapo kinaonyesha alijifunza kutokana na yaliyompata. Alianzisha SparkToro pamoja na Casey Henry, akachukua mtaji wa dola milioni 1.3 tu, akachapisha nyaraka za uwekezaji ili wengine wazinakili, na kampuni akaiacha iwe ndogo. Alirudi kwenye uwanja ambao majaribio ni mepesi na watazamaji wapo.

Kwa hiyo anayetaka kuiga njia hii aanze kwa kuichunguza fani yake. Je, jibu linarudi upesi? Je, mtu baki anaweza kulihakiki? Anayetangaza bidhaa za duka la Kariakoo kwenye Instagram anaweza kujibu ndiyo kwa yote mawili: picha ile ile, maelezo ya aina mbili, siku zinazofanana, kisha anahesabu waliouliza bei kwa WhatsApp. Akiyaweka wazi matokeo, pamoja na yaliyofeli, baada ya muda atakuwa na rekodi ambayo mwajiri anaweza kuikagua mwenyewe.

Lakini siku atakapoajiri watu kumi, au kuchukua fedha za mwekezaji, mbinu hiyo haitamfaa. Huko kosa hujulikana likiwa limeshagharimu mishahara ya watu. Hapo asione haya kumtafuta aliyetangulia, akamuuliza kabla ya kutia saini.