Garimoshi la Kuunganisha: Chungulia Chini Kwanza

Ukienda kununua seti ya zamani ya kuunganisha garimoshi la mvuke, muuzaji atakusifia sanduku. Halijawahi kufunguliwa, picha haijafifia, karatasi ya maelekezo imo. Msikilize, kisha umwombe akuruhusu ulifungue. Sanduku hupandisha bei, ila ubora umo kwenye vipande, hasa vya chini: magurudumu na fito zake.

Chukua Kitmaster. Chapa hii ilianzishwa mwaka 1959 na Rosebud, kampuni ya wanasesere ya Raunds, Northamptonshire, Uingereza. Mwaka 1962 iliuzwa kwa Airfix. Watu waliozoea kutengeneza nyuso za wanasesere walikuwa wanaijua plastiki, na inaonekana. Seti zao nyingi zilikuwa za kipimo cha OO, yaani milimita 4 kwa kila futi ya injini halisi, tena bila mota.

Vielekeze vipande kwenye mwanga wa dirisha. Vichwa vya ribiti viwe vimesimama, unaweza kuvihesabu. Ukiona utando mwembamba wa plastiki umetokeza kwenye kingo, ujue kalibu ilikuwa imechoka, haifungi sawasawa. Huo usikutishe, wembe unauondoa. Cha kuogopa ni kubonyea. Penye plastiki nene, ikipoa huvutwa ndani na kuacha kishimo, na kishimo kikiwa ubavuni mwa boila kitaonekana popote utakaposimama. Ukikiziba na kukipiga msasa, unafuta na ribiti za jirani.

Kwa seti iliyokwisha kuunganishwa, kipimo changu ni Evening Star. Injini halisi ilitoka karakana ya Swindon mwaka 1960, ya mwisho ya mvuke kujengwa kwa ajili ya British Railways, na ina magurudumu 10 ya kuendeshea kwenye ekseli tano. Ekseli tano ni nafasi tano za kukosea. Iweke kwenye kipande cha reli kilichonyooka, uisukume polepole kwa kidole. Ikiyumba, fremu imepinda. Fito zikikwama pale pale kila mzunguko, ama gundi imepenya tunduni, ama magurudumu ya kulia hayakupishana na ya kushoto kwa robo ya mzunguko, kama inavyotakiwa. Jozi ya katikati ya injini halisi haikuwa na ukingo, ili iweze kupita kwenye kona. Ukikuta fundi amelizingatia hilo, mvulie kofia.

Waingereza waliounganisha seti hizi wakiwa watoto sasa ni wazee, na kwa jambo moja wanatushinda wote. Mvuke uliendelea kuvuta treni za kawaida kwao hadi Agosti 1968, kwa hiyo mtoto aliona injini stesheni asubuhi na jioni akaiunganisha mezani. Mzee wa namna hiyo hatazami rangi. Hutazama bomba la moshi: urefu wake na jinsi tako lake linavyokaa juu ya boila. Akisema halijakaa sawa, usibishane naye. Wala hatalalamika kwamba reli ya OO ina upana wa milimita 16.5 badala ya 18.83 zinazostahili. Anajua ndiyo desturi ya kipimo hicho.

Seti za metali nyeupe, kama za K's na Wills, zina hesabu nyingine. Ni mchanganyiko wa bati, risasi na antimoni, mzito, na uzito huo huisaidia injini yenye mota kung'ang'ania reli. Kagua pale nusu mbili za boila zinapokutana, mwanga usipite. Unga mweupe juu ya kipande ni dalili kwamba risasi inaliwa. Kiache, na unawe mikono. Sehemu za zinki nazo zikiwa zimevimba na kupasuka, hakuna tiba. Mara nyingi ni uchafu wa risasi uliochanganyika na zinki tangu kiwandani.

Kitmaster waliuza pia injini ya aina ya Garratt ya LMS, kampuni ya reli ya Uingereza, ambayo injini yake halisi ilijengwa na Beyer Peacock wa Manchester. Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyojenga Garratt 34 za daraja la 59 za reli ya Afrika Mashariki, mwaka 1955 na 1956, zikavuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Namba 5918, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Nenda ukaone boila ilivyobebwa katikati ya seti mbili za magurudumu, kila moja ikijipinda peke yake. Ukishaiona, hutadanganywa na Garratt ndogo iliyogandishwa na gundi ikawa gogo moja.

Kwa bei ile ile, mimi nachukua iliyounganishwa vizuri isiyo na sanduku, na iliyofungwa namwachia mwenye kabati la vioo.