SAFARI TATU ZA MTUME PAULO: UHAKIKI WA DESTURI MOJA YA USOMAJI

Utangulizi

Nyuma ya Biblia nyingi tunazozitumia kuna ramani ya nchi zilizoizunguka bahari ya Mediteranea, na juu yake imechorwa mistari mitatu yenye mishale. Wa kwanza unatoka Antiokia kwenda Kipro na kurudi. Wa pili unafika Korintho. Wa tatu unapita Efeso na kuishia Yerusalemu. Mwanafunzi wa Kipaimara huifahamu ramani hiyo kabla hajaisoma sura moja kamili ya Matendo ya Mitume, na wengi wetu tumeingia chuoni tukiwa nayo kichwani.

Kwa miaka kadhaa nami niliwapa wanafunzi wangu swali lile lile la mtihani: eleza safari tatu za kimisioni za Mtume Paulo. Walijibu vizuri, wakiitaja miji kwa mpangilio wake, nami niliwapa alama zao. Kisha mwanafunzi mmoja, aliyekuwa mwinjilisti wa mtaa kabla ya kuja chuoni, aliniuliza darasani ni katika aya gani safari ya tatu inaanza. Nikamfungulia Mdo 18:22-23. Akaisoma, akarudi nyuma aya chache, kisha akasema: “Mchungaji, hapa Paulo anaanza safari, au anarudi kazini kwake?”

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jaribio la kumjibu. Hoja yangu ni kwamba mgawanyo wa safari tatu umetufundisha kumwona Paulo kama mtu apitaye, ilhali Luka, na zaidi Paulo mwenyewe katika nyaraka zake, wanamwonyesha kama mtu akaaye. Kosa hili si la jiografia tu. Linagusa namna tunavyoielewa kazi ya misioni na namna tunavyowathamini watumishi wanaoifanya.

1. Mgawanyo huu umetoka wapi?

Yafaa tuanze na jambo lililo wazi. Luka hasemi popote kwamba Paulo alifanya safari tatu. Sura ya 13 na ya 14 kweli zinasimulia mzunguko mmoja uliokamilika: kanisa la Antiokia linawatuma Barnaba na Sauli, nao wanarudi na kutoa habari za kazi yao (Mdo 13:1-3; 14:26-27). Lakini kati ya ile iitwayo safari ya pili na ile iitwayo ya tatu hakuna kutumwa upya, hakuna kuwekewa mikono, hakuna taarifa iliyotolewa. Paulo anashuka Antiokia, anakaa huko kitambo, na kuondoka. Aya mbili zimebebeshwa mzigo wa sura nzima.

Mwanazuoni Mmarekani John Townsend alitoa katikati ya miaka ya 1980 hoja ambayo haijapata wasomaji wa kutosha kwetu. Anaonyesha kwamba wafafanuzi wa kanisa la kale hawakuigawa habari ya Paulo hivyo, na kwamba mgawanyo huu ulishika mizizi tangu karne ya 18, naye anamtaja Mlutheri wa Württemberg, Johann Albrecht Bengel, ambaye ufafanuzi wake uitwao Gnomon ulitoka mwaka 1742. Hizo ndizo nyakati ambapo vyama vya misioni vya Ulaya vilikuwa vikizaliwa na kukua. Chama kina makao yake makuu, kinamtuma mtu, mtu anakwenda, anarudi, anatoa taarifa, anatumwa tena. Mtu anaweza kubishana na Townsend juu ya sehemu hii au ile ya hoja yake, lakini swali lake hatuwezi kulikwepa: je, tumeisoma Antiokia kutoka katika Matendo, au tumeisoma ofisi ya misioni ndani ya Matendo?

2. Yale ambayo Luka anayahesabu

Tukiiweka ramani kando na kuhesabu nyakati ambazo Luka mwenyewe anazitaja, tunapata picha nyingine. Antiokia, mwaka mzima wa kufundisha (Mdo 11:26). Korintho, mwaka mmoja na miezi sita (18:11). Efeso, miezi mitatu katika sinagogi na miaka miwili katika darasa la Tirano (19:8-10), muda ambao Paulo mwenyewe, akisema na wazee huko Mileto, anauita miaka mitatu (20:31). Kaisaria, miaka miwili kifungoni (24:27). Rumi, miaka miwili katika nyumba ya kupanga (28:30). Jumla yake ni karibu miaka 9 ya kukaa, katika vituo vitano tu.

Hapa hatuna budi kumhoji Luka pia, kwa maana ramani haikubuniwa bila msaada wake. Safari ya baharini kwenda Rumi, iliyochukua miezi kadhaa pamoja na majira ya baridi kisiwani Melita, imepewa aya 60 (27:1–28:16). Mwaka mmoja na nusu wa Korintho umepewa aya 18. Katika sura ya 19 juu ya Efeso, karibu nusu yake ni ghasia za siku moja. Luka ni msimulizi hodari, na dhoruba husimulika kwa urahisi kuliko mafundisho ya kila siku. Isitoshe, safari kwake ni umbo la theolojia. Katika Injili yake Bwana anaelekea Yerusalemu kwa muda mrefu tangu Lk 9:51, na katika Matendo imani yenyewe huitwa Njia (9:2; 19:9, 23). Hilo si kosa lake. Kosa ni letu tunapoigeuza njia ya theolojia kuwa ratiba ya usafiri.

Hata hivyo Luka ni mwaminifu, na anatuachia alama za kutosha. Angalia mwisho wa sura ya 14. Toka Derbe barabara ya kuelekea mashariki ingewashusha Barnaba na Paulo mpaka Tarso, na kutoka huko kufika Antiokia. Badala yake wanageuka na kurudi Listra, mji ambako Paulo alipigwa mawe, kisha Ikonio na Antiokia ya Pisidia, ili kuwaimarisha wanafunzi na kuwachagulia wazee (14:21-23). Kwenye ramani mstari huo wa kurudi unaonekana kama njia ya kwenda nyumbani. Katika maandiko ni kazi yenyewe.

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Katika Mdo 18:19-21 Paulo anafika Efeso, anaombwa akae, anakataa kwa wakati ule, anaahidi kurudi Mungu akipenda, na kuwaacha Akila na Prisila mjini. Wakati yeye hayupo, hao wawili wanamchukua Apolo wa Aleksandria na kumfundisha kwa usahihi zaidi (18:24-26). Kisha Paulo anarudi, kama alivyoahidi. Kwa hiyo mwanafunzi alisoma vema kuliko mwalimu wake. Kile tunachokiita mwanzo wa safari ya tatu ni mchungaji anayetimiza ahadi kwa watu waliomwomba akae, na anakuta kazi haikusimama.

3. Ushahidi wa nyaraka

Nyaraka za Paulo ni za kwanza kwa umri na kwa uzito, nazo zinaisahihisha ramani kwa namna mbili.

Kwanza, zinaonyesha kwamba Paulo alisafiri kuliko ramani inavyojua. Anataja kwenda Arabuni (Gal 1:17), ambako Luka hakutaji kabisa. Anataja kuvunjikiwa na jahazi mara tatu (2 Kor 11:25), naye aliandika hayo kabla ya dhoruba ya Melita, ambayo ndiyo pekee tunayosimuliwa na Luka. Anataja kupigwa kwa fimbo mara tatu. Luka anasimulia mara moja tu, huko Filipi. Anadai kuieneza Injili mpaka Iliriko (Rum 15:19), nchi isiyotajwa katika Matendo. Ni wazi basi kwamba hesabu ya safari tatu, hata kama hesabu tu, haiwezi kusimama.

Pili, na hili ndilo kubwa, zinaonyesha kile ambacho Paulo alikiona kuwa uzito wa kazi yake. Katika orodha ile ya mateso anataja mito, wanyang'anyi, bahari, njaa na baridi. Lakini orodha haiishii hapo. Inapanda mpaka kwenye mzigo unaomjia kila siku, nao ni maangalizi ya makanisa yote (2 Kor 11:28). Msafiri huyu anaitaja hatari ya barabara, kisha anaiweka chini ya huzuni ya usharika.

Thesalonike ni mfano mzuri. Msomaji wa haraka wa Mdo 17:2 hudhani Paulo alikaa huko sabato tatu na kuendelea, kana kwamba huo ulikuwa utaratibu wake. Lakini Wafilipi walimpelekea msaada huko zaidi ya mara moja (Flp 4:16), na kati ya miji hiyo miwili kulikuwa na kiasi cha kilomita 150 za barabara. Hilo haliingii kwa urahisi katika majuma matatu. Zaidi ya hayo, Paulo anawaandikia Wathesalonike kwamba alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana kati yao, kwamba alitenganishwa nao kinyume cha mapenzi yake, na kwamba aliposhindwa kurudi alimtuma Timotheo (1 Thes 2:9, 17-18, 3:1-2). Kuondoka upesi hakukuwa mpango wake. Alifukuzwa.

Wengine watapinga kwa kutaja Rum 15:23, ambapo Paulo asema hana tena nafasi katika pande zile na anatazamia kwenda Hispania. Je, huyu si mtu wa haraka? Jibu limo katika sura inayofuata. Anayeweza kuwasalimu kwa majina watu zaidi ya 20, na kumkabidhi Fibi wa Kenkrea kwa kanisa asilolianzisha yeye, hakuwa amepita tu. Aliweza kuondoka kwa sababu alikuwa amekaa. Na alipoondoka kwenda Yerusalemu watu saba walifuatana naye, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia (Mdo 20:4). Hao ndio tunda la ile miaka ambayo ramani haina rangi ya kuichora.

4. Na sisi?

Historia ya Afrika Mashariki inao mfano unaofanana na huu. Johannes Rebmann, mwana wa Württemberg kama Bengel, alitumwa na chama cha misioni cha Kianglikana cha Uingereza, akafika pwani ya Mombasa mwaka 1846. Mtoto wa shule anamjua kwa jambo moja: tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro. Safari zake za kwenda Uchaga zilikuwa tatu, zote ndani ya miaka miwili, 1848 na 1849. Lakini Rebmann aliondoka pwani mwaka 1875, akiwa kipofu, baada ya miaka 29 ya kazi ambayo kitovu chake kilikuwa Rabai, miaka ya lugha, kamusi na watu wachache. Tumezihifadhi safari tatu na kuisahau hiyo miaka. Ramani imeshinda tena.

Nayo inashinda katika sharika zetu. Mkutano wa Injili wa juma moja hupata bajeti, vipaza sauti na taarifa yenye hesabu ya waliookoka. Mhubiri mgeni huagwa kwa zawadi. Mwinjilisti wa mtaa, aliyekuwapo kabla ya mkutano na atakayebaki na hao waliohesabiwa, mara nyingi hangoji zawadi. Anangoja posho ya miezi iliyopita. Tukimuuliza mzee wa kanisa ni nani kati ya hao wawili anayemfuata Paulo, atamnyooshea kidole mgeni, kwa kuwa ndivyo tulivyomfundisha kwa ramani. Sisemi mikutano iachwe. Nasema tusiiite ya Kipaulo kabla hatujajibu nani atakaa, kwa muda gani, na nani atampa chakula.

Hitimisho

Kitabu cha Matendo hakimalizikii barabarani. Baada ya bahari zote na miji yote, Luka anamwacha Paulo ndani ya nyumba aliyoipanga mwenyewe, akiwapokea wote waliomwendea na kuwafundisha kwa miaka miwili (28:30-31). Mwandishi aliyependa safari kuliko wote alichagua kumaliza na mtu aliyeketi. Sidhani kwamba hilo ni bahati tu.

Nimelibadilisha lile swali la mtihani. Sasa nauliza: taja mahali ambapo Mtume Paulo alikaa, muda aliokaa, kazi aliyoifanya kwa mikono yake, na majina ya waliobaki alipoondoka. Majibu huwa marefu zaidi na alama zimepungua kidogo. Lakini wanafunzi waliokuwa wainjilisti hulijibu vizuri kuliko wengine, na naamini tunajua kwa nini. Ndugu watumishi wenzangu wanaofundisha Kipaimara wanaweza kulijaribu katika darasa lao, wakiiacha ramani imefungwa mpaka kitabu chenyewe kisomwe.